Mapacha wa yai moja: vinasaba vyao vinalingana kwa kiasi gani, na vinaanza kuachana wapi?

Doto wa Igunga (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni Doto. Kulwa wangu alianza kuugua tukiwa darasa la tano. Alikuwa akinywa maji bila kutosheka, akiamka usiku mara nne kwenda msalani, akakonda kwa wiki chache hadi mbavu zikahesabika, na siku alipoanguka na kupoteza fahamu ndipo tulipoambiwa kwamba ana kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachotaka sindano za insulini maisha yote. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja na kula naye sahani moja sikuugua. Leo tuna miaka 41 na bado sijaugua.

Miezi miwili iliyopita nilimsindikiza kliniki, katika kituo ambacho sitakitaja. Mhudumu mmoja alipotuona tumeketi kwenye benchi moja aliniambia, mbele ya wagonjwa wengine, kwamba kama sisi ni wa yai moja basi vinasaba vyetu ni vilevile, na kwamba ugonjwa wangu umechelewa tu, lakini utafika. Sikumjibu. Nafundisha baiolojia sekondari, huu ni mwaka wa 15, na nilihisi kwamba kauli ile ilikuwa na ukweli nusu, ila sikuweza kusema palepale ni nusu ipi. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kukipata, na nimeona niyaweke hapa, kwa sababu najua humu wamo mapacha, wazazi wa mapacha, na watu wa afya watakaonisahihisha nikikosea.

Nianzie kwenye asili. Mapacha wasiofanana hutokana na mayai mawili, kila yai likirutubishwa na mbegu yake, kwa hiyo kwa vinasaba wao ni ndugu wa kawaida waliopanga chumba kimoja. Mapacha wa aina hii hawajagawanyika sawa duniani: Afrika Magharibi, hasa miongoni mwa Wayoruba wa Nigeria, wako wengi mno kuliko Asia Mashariki. Mapacha wa kufanana ni jambo jingine kabisa. Yai ni moja, mbegu ni moja, na mimba iliyokwisha kuanza hugawanyika ikawa mbili. Hawa hutokea takribani mara 3 hadi 4 katika kila uzazi 1,000, na kiwango hicho karibu kinafanana kila mahali, jambo linaloonyesha kwamba kugawanyika huku hakufuati ukoo jinsi wengi wanavyodhani.

Siku ya kugawanyika ina maana kubwa. Mimba ikigawanyika ndani ya siku 3 za kwanza, kila mtoto hujipatia kondo lake la nyuma na chupa yake ya maji. Ikigawanyika kati ya siku ya 4 na ya 8, ambako ndiko wengi huangukia, watoto huchangia kondo moja lakini kila mmoja hukaa katika chupa yake. Ikichelewa zaidi huchangia vyote, na ikipita takribani siku ya 13 mgawanyiko haukamiliki, ndipo wanapozaliwa watoto walioungana.

Hapo lipo kosa ambalo naomba kila mzazi alijue. Mama yetu aliambiwa na mkunga kwamba kwa kuwa makondo yalikuwa mawili, sisi si wa yai moja, na tulikua tukiamini hivyo ingawa walimu walishindwa kututofautisha. Mkunga yule hakuwa na nia mbaya, ndivyo alivyofundishwa. Lakini karibu theluthi moja ya mapacha wa kufanana huzaliwa na makondo mawili. Kondo moja ni ushahidi mzito kwamba watoto ni wa yai moja, ila makondo mawili hayathibitishi kinyume chake. Sisi tulipimwa vinasaba tukiwa watu wazima, na alama zote zilizolinganishwa zilikuwa sawa.

Nitaendelea. Karibuni.

Mama Pacha, Tanga

Ndugu Doto, ahsante kwa uzi huu. Wasichana wangu wana miaka 9, walizaliwa na kondo moja, mmoja akiwa na kilo 2.6 na mwenzake kilo 1.9. Hadi leo yule aliyekuwa mdogo ni mfupi kwa karibu nusu kichwa. Majirani wanasema hawawezi kuwa wa yai moja. Je, vinasaba vikiwa sawa, kimo kinawezaje kuachana kiasi hicho?

Doto wa Igunga

Dada, swali lako linanipeleka pale nilipotaka kufika. Kuchangia kondo si kugawana sawasawa. Kondo ni kama shamba moja lenye wakulima wawili: mpaka unaweza kupita katikati, na unaweza pia kupita pembeni, mmoja akaachiwa robo. Isitoshe, mishipa ya damu ya watoto hao hukutana ndani ya kondo. Katika mimba 10 hadi 15 kati ya kila 100 za namna hii, damu huelemea upande mmoja, mtoto mmoja akamnyima mwenzake bila yeyote kujua, na hali hiyo isipotambuliwa mapema inaweza kuwaua wote wawili. Ndiyo maana mama mwenye mapacha wa kondo moja hutakiwa kupimwa kwa ultrasaundi mara nyingi zaidi ya mama mwingine.

Kwa hiyo binti zako walianza maisha tofauti wakiwa bado tumboni mwako. Vinasaba huweka kiwango ambacho mwili unaweza kukifikia, na chakula, damu na nafasi huamua mwili utafika wapi. Majirani wanatazama kimo wakidhani wanatazama vinasaba.

Mzee wa Kidato cha Sita

Mwalimu, naomba nikupinge kwa heshima. Tulifundishwa, na nadhani nawe unafundisha, kwamba mapacha wa yai moja wana vinasaba sawa kwa asilimia 100. Hayo ya kondo na chakula ni mazingira. Vinasaba vyenyewe havibadiliki. Ukianza kusema vinaachana, utawachanganya wanafunzi.

Doto wa Igunga

Mzee wangu, nimefundisha hivyo kwa miaka mingi, na sasa naona lazima nibadilishe namna ya kusema. Hebu tuangalie jambo hili taratibu, kwani hapa ndipo penye kiini cha uzi mzima.

Kila mzazi humpa mtoto herufi za vinasaba zipatazo bilioni 3. Kila seli inapogawanyika, herufi hizo zote hunakiliwa upya. Fikiria wale makatibu wa zamani wa Lamu na Pate waliokuwa wakinakili tenzi kwa mkono, ubeti baada ya ubeti. Katibu akiwa hodari kiasi gani, mahali fulani atateleza kalamu, na atakayenakili kutoka kwake atalichukua kosa lile kama alivyolikuta, akaliongezea la kwake. Seli ni katibu hodari sana, na tena hujisahihisha, lakini hazikosi kuteleza. Kila mmoja wetu huzaliwa akiwa na makosa mapya yapatayo 60 hadi 70 ambayo baba hana na mama hana. Mengi hayana athari yoyote.

Sasa, mimba ikigawanyika, huwa ni makatibu wawili wanaoanza kunakili kutoka nakala ileile, kila mmoja chumbani mwake. Watawezaje kuteleza mahali pamoja kwa maisha yao yote? Haiwezekani. Lililokuwa halijulikani ni idadi ya makosa yanayotokea mapema kiasi cha kuenea mwili mzima.

Jibu zuri kuliko yote niliyoyaona lilitoka Iceland mwezi Januari 2021. Watafiti wa kampuni ya deCODE ya mjini Reykjavik, iliyokuwa ikiongozwa wakati huo na Kári Stefánsson, walisoma vinasaba vya jozi 381 za mapacha wa yai moja, pamoja na makundi mawili ya watatu watatu. Walikuta kwamba kwa wastani pacha na mwenzake hutofautiana kwa mabadiliko 5.2 yaliyotokea mapema katika ukuaji. Nawaomba msisimame kwenye wastani, kwa sababu huficha mengi: jozi 38 hazikuwa na tofauti hata moja iliyoonekana, na jozi 39 zilikuwa na tofauti zaidi ya 100.

Namna walivyofanya ndiyo iliyonikamata hadi usiku wa manane. Ukikuta badiliko kwenye damu ya pacha mmoja, utajuaje kama ni la mapema au limezuka juzi kwenye seli za damu tu? Walitazama watoto wa mapacha hao. Badiliko likiwa kwenye damu ya baba na pia likaonekana kwa mtoto wake, basi limo katika mbegu zake vilevile, maana yake lilitokea kabla seli za uzazi hazijajitenga na seli nyingine, yaani katika wiki za mwanzo kabisa za mimba. Wakakuta jambo lingine: katika takribani asilimia 15 ya mapacha, mmoja wao alikuwa na mabadiliko yaliyoenea karibu katika kila seli ya mwili wake, ilhali mwenzake hakuwa nayo hata katika seli moja. Hilo lina maelezo mamoja tu: mwili wa pacha huyo ulitokana na seli moja, au seli chache za ukoo mmoja, zilizokuwa tayari zimebeba badiliko hilo. Mimba haikugawanywa kama mkate unaokatwa katikati. Wakati mwingine mmoja huchukua sehemu kubwa ya seli na mwenzake huanza na chache sana.

Kwa hiyo, mzee wangu, kati ya herufi bilioni kadhaa, tofauti tano si kitu ukiitazama kama asilimia, na darasani bado naweza kusema "karibu sawa kabisa". Lakini herufi moja ikiwa mahali pake inatosha kuleta selimundu, na hilo nawe ulifundishwa.

Mzee wa Kidato cha Sita

Nimekuelewa, hasa hapo pa watoto wa mapacha. Neno "karibu" nalikubali.

Afande Mstaafu

Nimefanya kazi ya upelelezi na nimewahi kushuhudia jalada likikwama kwa sababu ya pacha. Naomba ufafanue: kama tofauti hizo zipo, kwa nini maabara hushindwa kusema ni yupi? Na alama za vidole je?

Doto wa Igunga

Afande, kipimo cha kawaida cha vinasaba hakisomi kitabu chote. Hutazama sehemu zipatazo 20, ambako vipande vifupi hujirudiarudia, na kuhesabu vimejirudia mara ngapi. Kwa watu wawili wa kawaida sehemu hizo zinatosha kabisa kuwatenganisha. Kwa mapacha wa yai moja, uwezekano wa zile herufi tano au kumi kuangukia ndani ya sehemu hizo 20 ni mdogo mno, kwa hiyo majibu hutoka sawa. Hapa Tanzania vipimo hivi huendeshwa chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sheria ya mwaka 2009 ya matumizi ya vinasaba vya binadamu, na mipaka ya kipimo ni ileile ya maabara nyingine duniani.

Matokeo yake ni kesi kama ile ya jimbo la Goiás nchini Brazil mwaka 2019. Mtoto alithibitishwa kuwa wa mmoja kati ya mapacha wawili, kipimo hakikuweza kusema wa yupi, na ndugu hao hawakutaka kukiri. Hakimu aliamuru wote wawili waandikwe kwenye cheti cha kuzaliwa na wote watoe matunzo. Binafsi naona alimtendea haki mtoto, maana yeye ndiye pekee asiyekuwa na pa kujificha.

Njia ipo, ila ni ghali na ya polepole. Mwaka 2014 wataalamu nchini Ujerumani walisoma vinasaba vyote vya mapacha wawili wanaume na vya mtoto wa mmoja wao, wakapata mabadiliko matano yaliyokuwa kwa baba na mtoto lakini hayakuwa kwa baba mdogo. Kanuni ni ileile ya Iceland.

Kuhusu vidole, hilo nimelifanya kwa mikono yangu. Wiki iliyopita nilichukua kidau cha wino wa muhuri, Kulwa na mimi tukapiga dole gumba la kulia kwenye karatasi moja, nikaweka kioo cha kukuzia. Kwa mbali utaapa ni kidole kimoja: vyote vina kitanzi kinachoelekea upande mmoja. Kwa karibu, pale mstari wangu unapogawanyika mithili ya panda la manati, wake unakwenda moja kwa moja kisha unakatika, na juu kidogo yeye ana kisiwa kidogo ambacho mimi sina. Mistari hiyo huanza kujichora mtoto akiwa na wiki kama 10 tumboni na hukamilika kabla ya miezi 6. Vinasaba hutoa umbo la jumla, na mkandamizo wa ngozi inapokua, maji yanayomzunguka na namna mkono ulivyokaa humalizia uchoraji. Hakuna mapacha ambao mambo hayo yaliwapitia sawasawa. Afande akikosa jibu kwenye vinasaba, arudi kwenye vidole.

Mwalimu wa Butere

Kwetu huku Kenya, Waluhya huwaita mapacha Mukhwana na Mulongo, na jirani zetu Wajaluo wana Opiyo na Odongo. Nataka kukumbusha mkasa wa Kakamega wa mwaka 2019. Wasichana wawili wa miaka 19 waligunduana kupitia Facebook kwa sababu sura zao zilikuwa moja. Mmoja alikuwa amekulia Kakamega na mwingine Nairobi, na kumbe mmoja wao alikuwa amelelewa kama pacha wa msichana mwingine kabisa. Kipimo cha vinasaba ndicho kilichothibitisha kuwa hao wawili waliofanana ni mapacha halisi. Sikuhusika kwa lolote, lakini nilifuatilia kila siku, na nikajiuliza: waliolelewa mbalimbali hivyo, hubaki wakifanana ndani pia?

Doto wa Igunga

Mwalimu mwenzangu, mkasa ule nami niliufuatilia, na niliwahurumia wote watatu. Swali lako lina historia. Mwaka 1979 Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alianza kukusanya mapacha waliotenganishwa wangali wachanga, na kwa miaka iliyofuata waliwapima kimo, shinikizo la damu, akili na tabia. Walikuta kwamba mapacha wa yai moja waliolelewa mbalimbali hufanana sana katika mambo mengi, kwa baadhi ya tabia karibu sawa na wale waliolelewa nyumba moja. Magazeti yalipenda kusimulia wale wawili waliokutana wakiwa na miaka 39 wakakuta wote wanaitwa Jim. Mimi sioni kwamba jina ni ushahidi wa vinasaba, na naona masimulizi hayo yaliharibu ladha ya kazi nzuri.

Ila kuna tabaka jingine ambalo enzi hizo halikupimwa. Juu ya herufi za vinasaba hukaa alama ndogo za kemikali, hasa zile za methili, zinazoiambia seli jeni ipi isomwe na ipi ifungwe. Herufi haibadiliki, ila usomaji wake hubadilika. Wanasayansi huita elimu hii epijenetiki. Mwaka 2005 kikundi cha Manel Esteller nchini Hispania kilipima jozi 40 za mapacha wa yai moja wenye umri wa kuanzia miaka 3 hadi 74. Watoto wa miaka 3 walikaribia kulingana kabisa. Wakubwa wa miaka 50 walikuwa wameachana wazi, na walioachana zaidi ni wale waliokuwa wameishi mbali kwa muda mrefu na kuwa na historia tofauti za afya. Kwa jumla karibu theluthi ya jozi zilionyesha tofauti kubwa.

Na lingine la kustaajabisha: mwaka 2021 watafiti wa Amsterdam wakiongozwa na Jenny van Dongen waligundua kwamba mapacha wa yai moja, popote walipo, wana alama za methili zinazofanana katika sehemu 834 za vinasaba, ambazo watu wengine hawana kwa namna hiyo. Mwili hubeba kovu la kugawanyika hadi utu uzima.

Kijana wa Anga

Mwalimu, vipi kuhusu yule mwanaanga wa Marekani aliyerudi duniani akiwa na vinasaba vilivyobadilika kwa asilimia 7 kumzidi pacha wake? Nilisoma sehemu nyingi.

Doto wa Igunga

Habari hiyo ilikosewa, mdogo wangu. Scott Kelly alikaa angani siku 340 kati ya 2015 na 2016, pacha wake Mark akibaki duniani, na NASA iliwapima wote wawili. Kilichobadilika ni utendaji wa jeni, yaani zipi zimewaka na zipi zimezimwa. Sehemu kubwa, zaidi ya asilimia 90, ilirejea kawaida ndani ya miezi 6 baada ya kutua, na ile asilimia 7 ilikuwa inazungumzia masalio ya mabadiliko hayo ya utendaji. Kama herufi zenyewe zingebadilika kwa asilimia 7, angekuwa mbali nasi kuliko sokwe.

Mama Pacha, Tanga

Naomba niulize la mwisho. Mmoja wa wasichana wangu, yule mfupi, huchanganya nyekundu na kijani. Mwenzake hana tatizo. Nimeambiwa upofu wa rangi ni wa wavulana, na kwa kuwa wao ni wa yai moja haiwezekani mmoja awe nao. Sijui nimwamini nani.

Doto wa Igunga

Dada, amini macho ya mwanao, na umpeleke kwa mtaalamu wa macho apimwe. Jambo hilo linawezekana na limeshaandikwa katika tiba. Msichana ana kromosomu X mbili, moja ya baba na moja ya mama, na mapema sana tumboni kila seli huizima moja na kuiacha nyingine ifanye kazi. Mary Lyon wa Uingereza ndiye aliyelieleza mwaka 1961. Uzimaji hutokea kwa bahati, seli hii ikizima ya baba na ile ya mama. Kama moja ya kromosomu hizo imebeba jeni ya upofu wa rangi, na pacha mmoja akajikuta seli nyingi za macho yake zimezima ile nzima, ataona tofauti na mwenzake, hali wote wawili wana jeni zilezile. Kwa wavulana wa yai moja hili haliwezi kutokea kwa njia hiyo kwa sababu X yao ni moja. Kwa hiyo kwa jambo hili mabinti zako wana nafasi kubwa zaidi ya kutofautiana kuliko mimi na Kulwa, ambao ni wanaume.

Muuguzi wa Zamu

Nimesoma kimya hadi hapa. Kama mtu wa wodini, naomba tusisahau upande wa kufanana, kwa sababu umeokoa maisha. Figo ya kwanza kupandikizwa kwa mafanikio ilitoka kwa pacha kwenda kwa pacha wake, mjini Boston, tarehe 23 Desemba 1954, chini ya daktari Joseph Murray. Kwanza walihamisha kipande cha ngozi kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake kuona kama mwili utakikataa. Haukukikataa, ndipo wakathubutu. Mgonjwa aliishi miaka minane zaidi bila dawa za kutuliza kinga, ambazo wakati huo hazikuwapo.

Halafu kuna la watoto wenye saratani ya damu. Mapacha wa kondo moja huchangia damu, na imethibitika, hasa kwa kazi ya Mel Greaves wa Uingereza, kwamba seli yenye badiliko la mwanzo la saratani huweza kuzuka kwa mmoja tumboni na kupita kwenye kondo hadi kwa mwenzake. Mwaka 2008 walieleza jozi ambayo mmoja aliugua, na mwenzake alikuwa na seli hizohizo za mwanzo bila kuugua, kwa kuwa badiliko la pili linalohitajika halikumpata. Kwa hiyo pacha anaweza kubeba hata badiliko ambalo si lake kwa asili. Ndugu Doto, sasa tueleze la kwako. Hujatuambia nusu ya kweli ni ipi.

Doto wa Igunga

Ahsante, Muuguzi. Nilikuwa nalikaribia taratibu kwa sababu ni zito kwangu.

Kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba pacha mmoja wa yai moja akipata kisukari cha aina ya kwanza, mwenzake hupata kwa uwezekano usiofika nusu. Nilijifariji kwa hilo. Kisha nikakuta utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia kwa miongo kadhaa mapacha 83 ambao wenzao walikuwa wagonjwa. Walipofika miaka 60, asilimia 65 walikuwa wameugua. Wengine waliugua mapema, wengine baada ya miaka 20 au 30. Kwa hiyo mhudumu yule hakukosea aliposema kwamba hatari haijaniisha. Alikosea aliposema kwamba lazima nitaugua, maana asilimia 35 walifika umri huo wakiwa salama, wakiwa na jeni zilezile.

Kinachowalinda hao hakijajulikana kwa ukamilifu, na nawaonya wanaotaka kudaka zile herufi tano za Iceland na kuzibebesha kila kitu. Mwaka 2010 kikundi cha Marekani kilisoma vinasaba vyote vya mapacha wa yai moja ambao mmoja alikuwa na ugonjwa wa neva ambamo kinga huushambulia ubongo na uti wa mgongo, na mwenzake mzima. Walitafuta tofauti ambayo ingeeleza ugonjwa huo, kwenye herufi na kwenye alama za methili, hawakuipata. Kinga ya mwili, ambayo ndiyo inayokosea katika kisukari cha aina ya kwanza pia, hujijenga kwa kuchanganya vipande vya jeni ndani ya kila seli ya kinga, kwa bahati nasibu, hivyo askari wa Kulwa na askari wangu hawajawahi kuwa walewale. Ongeza maambukizi ya utotoni: yeye aliugua surua vibaya, mimi ikanipita kwa wepesi. Sisemi surua ndiyo iliyomletea kisukari. Nasema miili miwili iliyoanza pamoja ilikuwa imekwisha kupita njia mbili tangu siku ya tatu ya mimba, na makondo yetu mawili yanashuhudia hivyo.

Ninapima sukari kila baada ya miezi sita, kabla ya kula.

Kulwa

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ndiye Kulwa wa mleta uzi.

Naomba kusahihisha jambo moja. Doto anasema tulikula sahani moja na mimi nikaugua. Tulipokuwa wadogo yeye alikuwa akiniachia sehemu yake ya maziwa kwa sababu hakuyapenda, na kwa miaka mingi amekuwa akiniuliza kama maziwa yale ndiyo yaliyonidhuru. Nimewauliza madaktari watatu kwa nyakati tofauti, na hakuna aliyesema hivyo. Nimemwambia ana kwa ana, sasa namwandikia mbele yenu.

Kuhusu yule mhudumu, nilimsikia pia. Nilipokwenda mwezi uliofuata nilimweleza kwamba maneno kama yale husemwa faraghani, na alikubali kunisikiliza.

Doto, miezi sita yako inatimia wiki hii. Jumamosi njoo nyumbani asubuhi, kipimo ninacho na vijiti vipya nimenunua. Usinywe chai njiani.